Upande wa Kushoto wa Kidoti

Pale shambani walimwita Bi Taratibu kwa sababu neno hilo ndilo alilowaambia ng'ombe kutwa nzima: taratibu mama, taratibu, hakuna anayekufukuza. Halikuwa jina la heshima sana. Wasafisha mabanda walilitumia kumtania alipochelewa kwenye foleni ya chai, naye alilipokea kama alivyopokea mambo mengi maishani, kwa kucheka kidogo na kuendelea na shughuli zake. Alikuwa mwembamba, lakini mikono yake ilikuwa mikubwa, vidole vimepinda kwenye viungo kwa miaka ya kukamua kabla mashine hazijaja. Ukipeana naye mkono ulidhani umeshikwa na mtu mwingine aliyejificha nyuma yake.

Shamba lilikuwa mali ya chuo, na ng'ombe wa humo walisoma kuliko wanafunzi. Leo wamepimwa damu, kesho wamebadilishiwa majani, keshokutwa anakuja mtu na kompyuta kuhesabu wanatafuna mara ngapi. Bi Taratibu alikuwa ameshawaona watafiti wa kila aina. Wapo waliokuwa watu wema, na wapo walionuka kiburi kuliko banda lenyewe. Lakini huyu aliyekuja safari hii alikuwa binti yake wa kumzaa, na hakuna mtu shambani aliyelijua hilo.

Habari yenyewe ni ya zamani na haina utamu. Bi Taratibu alimzaa yule mtoto akiwa msichana, mwanamume akatokomea, akabaki na kichanga mkononi na mfuko mtupu. Kazi pekee aliyoipata ilikuwa ya kukamua kwa tajiri mmoja wa mbali, na tajiri hakutaka mfanyakazi mwenye mtoto. Dada yake mkubwa alikuwa ananyonyesha kitoto chake wakati huo. Akamwambia, "Mwache hapa. Titi nililo nalo linawatosha wawili. Wewe nenda ukatafute." Akaenda. Alikusudia kurudi kumchukua mwanawe baada ya muda mfupi, na kila mtu aliyewahi kusema "muda mfupi" anajua jinsi unavyorefuka. Mshahara ulikwenda kule karibu wote, sare za shule na viatu vikanunuliwa, lakini mwenyewe alionekana mara moja moja, na mtoto akaota ulimi akimwita yule dada mama. Huyu wa kuja na kuondoka akawa mama mdogo. Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo, na hakuna aliyemsahihisha, na hapo ndipo watu wazima hao watatu wa familia, yaani yeye, dada na shemeji, walipofanya uzembe ambao sijui kama wanastahili kusamehewa. Alipokuja kuambiwa ukweli alikuwa msichana mkubwa. Alisikiliza, akasema "haya," akaenda kuosha vyombo. Mama mdogo ikabaki mama mdogo.

Basi siku ile binti aliposhuka kwenye gari la chuo na sanduku lake la vichupa, Bi Taratibu alikuwa anabeba ndoo. Moyo ulimlipuka. Hakukimbia, kwa sababu binti alimpiga jicho la kumkanya. Walikutana baadaye nyuma ya stoo ya chakula cha mifugo, mahali palipojaa magunia ya pumba.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukuniambia unakuja?"

"Sikujua kama utapangiwa mimi. Sikiliza. Profesa ana sharti moja: mtu mwenye undugu na mtafiti hagusi ng'ombe wa utafiti. Kuna jamaa aliwahi kumweka kaka yake hapa wakatunga takwimu za uongo. Akijua, ananifukuza siku hiyo hiyo."

"Basi nikaombe nihamishiwe kwa ndama."

"Kakuchagua mwenyewe. Anasema mikono yako haina mfano. Ukikataa atauliza kwa nini. Tusijuane tu. Utaweza?"

"Nitashindwaje?" alisema Bi Taratibu, na akacheka kwa furaha ya kweli. Kumwona mwanawe kila siku, asubuhi na jioni, hata kama ni wa kutojuana! Alikuwa hajawahi kuupata utajiri huo. Alirudi bandani akiimba chinichini, na mkamuaji mwenzake, ambaye kila mtu alimwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, akamuuliza kama ameposwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Binti aliwakusanya wakamuaji wote wawili kwenye sakafu ya saruji, mashine zikiwa zimezimwa, akawaeleza bila kuringa. Kila ng'ombe wa utafiti atagawanywa kiwele katikati. Chuchu mbili za kulia zitakamuliwa asubuhi na jioni. Mbili za kushoto zitakamuliwa asubuhi tu, jioni haziguswi. Ng'ombe ni yule yule, damu ile ile, majani yale yale. Kinachotofautiana ni mkono tu.

"Sasa huyo wa kushoto amekosa nini?" Redio aliuliza.

"Hajakosa kitu. Kila chembe ya mwili ndani ya kiwele ina maandishi ya kutengeneza maziwa. Maandishi hayafutiki. Lakini maziwa yakikaa ndani hayatolewi, chembe inaona kazi yake haihitajiki, inaanza kufunga. Kuna alama ndogo ndogo zinapachikwa kwenye maandishi ya ile protini kuu ya maziwa, ile inayofanya yagande, na yakishapachikwa alama hayasomeki. Ni kama duka. Wateja wasipokuja, mwenye duka anashusha mlango. Bidhaa zimo ndani, ila haziuzwi."

"Kumbe hata ng'ombe wana migomo," Redio alisema.

Bi Taratibu hakucheka. "Na mkirudi kumkamua kama zamani, hufungua?"

Binti alikuwa anapanga vichupa vyake kwenye kibao. "Mengine hufunguka. Mengine yakishafungwa yamefungwa, hata ukamue vipi. Hicho ndicho ninachokitafuta." Aliyasema hayo kwa sauti ya kazini kabisa, wala hakuinua kichwa.

Wakaanza. Majuma ya kwanza yalikwenda vizuri. Asubuhi binti alikuja na buti zake na kofia ya nywele, akapokea maziwa ya kila upande kwenye chombo chake, akaandika, akasema asante mama kama alivyowaambia akina mama wote wa shambani, wapishi na wafagiaji. Bi Taratibu aliitika kwa adabu na kujilambisha asali hiyo kimoyomoyo. Akaanza kuvaa kilemba safi kwenda kukamua ng'ombe. Redio aliliona hilo pia, na akalitangaza.

Tabu aliileta Kidoti. Alikuwa ng'ombe wa uzao wa kwanza, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, ndama wake ameondolewa upesi kama ilivyo desturi ya mashamba ya maziwa. Kiwele chake kilikuwa kinatoa kuliko alivyotarajiwa. Jioni, upande wa kulia ukishakamuliwa na kulegea, wa kushoto ulibaki umevimba, ngozi inang'aa, chuchu zimesimama na kudondosha. Kidoti alikanyaga huku na huku, akageuza shingo kutazama nyuma, akalia. Hakulia kwa nguvu. Alitoa mlio wa chini, wa kuvuta, ambao hata Redio alinyamaza akiusikia. Daktari wa mifugo alimpima akasema hana ugonjwa, ni kujaa tu, mwili utazoea wenyewe.

Mwili utazoea. Bi Taratibu aliyajua maneno hayo. Aliambiwa hayo hayo na mke wa yule tajiri, alipokuwa anakamua na gauni limelowa kifuani mpaka kiunoni. Siku za mwanzo alikuwa hawezi kushusha mikono. Kila ndama alipolia, kifua chake kilijibu, maziwa yakashuka yenyewe kwa mtoto ambaye hakuwepo. Alijifunga kitambaa kwa nguvu akakosa pumzi. Akapata homa. Na usiku na mchana alikuwa anawaza jambo moja tu, kwamba huko aliko mwanawe ananyonya titi la mtu mwingine na kushiba.

Kwa hiyo jioni moja, Redio alipokwenda kuosha mabomba ya mashine, Bi Taratibu alichutama upande wa kushoto wa Kidoti, akampaka mafuta, akamkamua kwa mkono. Alikusudia kumpunguzia tu. Lakini mkono wa mkamuaji ukishaanza haujui nusu, na ng'ombe alishusha pumzi ndefu, akaacha kukanyaga, akaanza kucheua. Maziwa yalikwenda kwenye mfereji wa maji machafu. Bi Taratibu alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia kwa miaka. Kesho yake alirudia. Kisha akaona na ng'ombe mwingine, Malkia, naye anahangaika, na yule aliyevunjika pembe, akasema moyoni kwamba watatu katika kundi zima si kitu. Alijipa moyo kwamba chombo cha binti kinajazwa asubuhi, na asubuhi hakuwa amechezea kitu. Hilo duka lenye mlango wa kushusha alilielewa kama mfano wa kuchekesha wa wasomi. Hakuelewa kwamba kila jioni yeye ndiye aliyekuwa anaupandisha.

Siku ya kuchukua vipande ilifika. Daktari wa mifugo alitia ganzi, akatoa kwa sindano nene vipande vya nyama ya kiwele, vidogo kama punje ya mchele, kulia na kushoto, vikapelekwa maabara. Majibu yalichukua muda kurudi. Yaliporudi, Profesa alikuja bandani mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake, binti akimfuata nyuma na uso umempauka.

"Ng'ombe wengine wote tofauti inaonekana wazi," Profesa alisema, na hakujali nani anasikia. "Kushoto jeni zimefungwa, kulia ziko wazi. Safi. Halafu kuna watatu, kushoto na kulia sawasawa kama mapacha. Na maziwa yao yanasema hivyo hivyo, protini haikushuka. Ama umechanganya vichupa, ama ulichoka ukajitungia. Lipi?"

"Sikuchanganya, Profesa."

"Basi ng'ombe ndio wamekudanganya? Wiki hii kamati inakaa. Usipokuwa na maelezo, nafasi yako anapewa mwingine. Nyie mliwakamua kama alivyosema?"

Redio aliapa kwa uhai wa watoto wake. Bi Taratibu alitikisa kichwa kwa namna ambayo haikuwa ndiyo wala hapana. Akisema, atafukuzwa, na hizo asante mama za asubuhi zimekwisha. Asiposema, mtoto aliyesoma mpaka macho yakaingia miwani atarudishwa nyumbani akiitwa mwongo. Niseme ukweli, hakuamua papo hapo. Alikamua jioni ile yote akijitia hamnazo, akaenda chumbani kwake, akala, akalala. Kuna watu wanadhani mama yeyote angeropoka dakika ile ile, na watu hao hawajawahi kuwa na kitu kimoja tu cha kupoteza.

Asubuhi alikwenda ofisini kwa Profesa na buti zake za bandani, akaacha nyayo kwenye sakafu iliyopigwa deki. Binti alikuwa humo, amekaa mbele ya meza kama mtuhumiwa.

"Ni mimi," alisema akiwa bado mlangoni. "Wale watatu nilikuwa nawakamua kushoto jioni. Kwa mkono. Huyu hana habari."

Profesa alivua miwani. "Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Kwa nini sasa?"

"Alikuwa analia, Profesa. Kidoti."

"Ng'ombe alikuwa analia." Profesa aliweka miwani mezani. Hakuwa mjinga, mzee yule. Mfanyakazi hajileti mwenyewe kukatwa shingo kwa ajili ya mwanafunzi wa kupita. Akamgeukia binti. "Huyu mama ni nani kwako?"

Chumba kilikuwa kidogo, na feni ilikuwa inazunguka na kugonga. Bi Taratibu aliangalia buti zake. Alijua jibu linalotakiwa, na alimwombea mwanawe alitoe vizuri.

"Namjua hapa kazini tu," binti alisema.

"Hamna undugu?"

"Hatuna."

"Basi mweleze alichokuharibia. Mimi nikianza nitatukana."

Binti alisimama. Mwanzoni alisema ya kazi, miezi iliyopotea, vipande vya nyama visivyo na maana tena, wanyama waliochomwa bure. Kisha sauti ikabadilika, ikashuka chini.

"Nani alikuomba huruma? Nani? Nilikupa jambo moja la kufanya, kuacha tu. Kuacha unakujua wewe! Kumbe kukiwa na faida kwa mtu ndiyo unashindwa? Na kama unamhurumia mtu, si umhurumie waziwazi, mbele ya watu, usimame naye? Wewe unakuja kwa kujificha, unapoza roho yako, unaondoka, mwenzako anabaki hajui hata kimempata nini. Halafu miaka ikipita unakuja mlangoni unasema ulikuwa na uchungu. Uchungu wako mimi niufanyie nini?"

Profesa hakugundua kwamba tangu Kidoti akamuliwe haikuwa imepita miaka. Alidhani ni hasira ya msomi aliyeharibiwa kazi, na alimwona mwanafunzi wake ana msimamo. "Inatosha," alisema kwa upole. Bi Taratibu alikuwa amesimama wima, mikono yake mikubwa imening'inia, machozi yanamtoka bila sauti. Ndani ya aibu ile yote kulikuwa na jambo moja lililomshangaza: kwamba tangu mtoto yule azaliwe, hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia kwa mkupuo.

Alifukuzwa kabla ya chai. Redio alimbebea begi mpaka getini na, kwa mara ya kwanza, hakuwa na la kutangaza.

Binti alikuja siku iliyofuata, mchana, kwenye chumba alichopanga Bi Taratibu karibu na kiwanda cha kukoboa nafaka. Palikuwa na kitanda, jiko la mafuta na ndoo mbili. Hakukaa kitandani, alisimama karibu na dirisha.

"Kamati imeniongezea muda. Nitawatoa wale watatu nianze na wengine."

"Nashukuru Mungu."

"Nataka kuhakikisha. Ni Kidoti, Malkia na yule wa pembe. Hakuna mwingine?"

"Hakuna mwingine."

"Maziwa ulikuwa unayapeleka wapi?"

"Kwenye mfereji. Sikuyanywa, wala sikuyauza."

Binti alitazama nje, kwenye rundo la pumba za kiwandani.

"Na yale yangu?"

Bi Taratibu hakujifanya hakuelewa. "Bafuni kwa tajiri. Nilikuwa nafunga mlango nayakamulia sakafuni. Halafu namwagia maji."

"Yalikata lini?"

"Sikumbuki, mwanangu. La kulia lilikata mapema. La kushoto lilisumbua. Hata baada ya kukata, nilikuwa nikisikia mtoto analia sokoni, linauma."

Mtafiti mzima alirekebisha mkanda wa begi lake. Bi Taratibu alimwona mkono umesogea kidogo kuelekea kwake, au alitaka kuuona hivyo. Mkono ukaishia kwenye kitasa cha mlango.

"Kuna jambo moja," binti alisema. "Nikimaliza, siku ya mahafali, usije."

"Kwa nini nisije?"

"Profesa atakuwepo. Anatembea kwenye viti vya familia, anasalimia wazazi mmoja mmoja. Akikukuta hapo ataelewa yote, na kila kitu kitafutwa. Umenisaidia kwa kuniacha niseme hatujuani, mama mdogo. Sasa itabidi tusijuane kweli."

Bi Taratibu aliketi kitandani. Alifikiria joho, na picha, na kile kiti. "Si utakuwa peke yako siku hiyo?"

"Hapana," binti alisema, akiwa amekwisha fungua mlango. "Mama atakuwepo."